Kipande cha Mwisho cha Mwaka 1815

"Huyu Napoleoni ameishia wapi?" Jairo aliuliza, akigeuza karatasi huku na huku. Chumvi ya karanga ilimwagikia mapajani. "Dada Ketrina, umenichania katikati ya vita!"

Siku ya nne kwenye foleni ya mpakani Tunduma, mtu mzima husoma chochote. Jairo, dereva wa lori la mbolea kutoka Igamba, alikuwa amekwisha kusoma maandishi ya kwenye magunia, ya kwenye matairi na ya kwenye dawa ya mbu, yote mara mbili. Ndipo jana, Jumatatu, akatokea Ketrina na beseni lake. Karanga zenyewe za kawaida tu. Utamu ulikuwa kwenye karatasi.

Alizifungia kwa kurasa za kitabu kikuukuu cha historia, kila mwaka na ukurasa wake: yaliyotokea, waliozaliwa, waliokufa. Ukurasa mmoja ulitoa vipande vinne. Tangu asubuhi Jairo alikuwa anaishi mwaka 1815. Kipande cha kwanza, Bismarck wa Ujerumani akazaliwa. Cha pili, mlima Tambora ukalipuka kule Indonesia, watu wakafa kwa maelfu, na Jairo akavua kofia. Cha tatu, Napoleoni akatoroka kisiwani Elba, akarudi Paris, akatwaa nchi bila kufyatua risasi. Kisha tarehe 18 Juni, mahali paitwapo Waterloo, akapanga jeshi lake na... basi. Karatasi imekwisha.

"Ameshindwa huyo," Jairo alitamka. "Mtu anayerudi kwa kishindo namna hii hamalizi mwezi wa sita. Kwetu tulikuwa na mwenyekiti wa hivyo hivyo."

"Wapi, mzee wangu!" alisema Lucky, dereva wa saruji aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni na ambaye tangu jana alikuwa akisoma bure. "Jamaa kachukua nchi bila risasi! Huyo kashinda asubuhi, mchana kala pilau. Tuwekeane dau."

"Dau gani?"

"Nikikosea, turubai langu jipya lako. Ukikosea, nafasi yako yangu."

Hapo mzaha ulipaswa kuishia. Geti lilikuwa limebakiza lori moja tu kwa leo, na hilo moja lilikuwa la Jairo. Kesho upande wa pili ni sikukuu, hakuna kazi. Akivuka leo, atashusha mbolea na kuwahi nyumbani Jumapili, siku ya kipaimara cha binti yake Angel. Akivuka Alhamisi, kipaimara kitamkuta njiani, na mama yake Angel atalisema jambo hilo mpaka siku ya mazishi yake. Jairo alimpenda Angel kuliko macho yake mawili. Lakini alikuwa mbishi, na mbishi aliyekaa siku nne bila kazi ni hatari kuliko petroli.

"Sawa," akasema.

Lucky akatoa simu aangalie. Jairo akaizuia. Simu hiyo hiyo, alisema, ndiyo iliyowaambia foleni ni ya saa mbili. Hakimu awe karatasi.

Ketrina alikuna kichwa. "Jamani, hicho cha mwisho nimemfungia dereva wa lori la bluu, kule nyuma kwenye sheli. Kimbieni kabla hajakitupa."

"Kakilete," Jairo alimwambia Lucky. Kisha akafikiri. "Hapana. Utakichana. Twende wote."

"Na geti likiita?" Lucky aliuliza. Kila dereva aliijua sheria: zinapigwa honi tatu, asiyekuwa kwenye usukani anapitwa.

"Geti lenyewe bado limelala, kaka," Ketrina alisema kwa upole. "Nendeni, mimi nitawaangalizia magari."

Nyuma ya lori la saruji, Abrahamu wa vitunguu alikuwa amejilaza kwenye usukani, kofia usoni. Huyo hakuwahi kununua karanga, wala Ketrina hakuwahi kumwuliza. Vitunguu vyake vilikuwa vimeanza kuchipua, na wenzake walisema mtu mwenye shida hiyo hawezi kuwa na hamu ya historia.

Wakakimbia. Sheli ilikuwa mbali kuliko walivyodhani, na Jairo alifika akihema. Dereva wa lori la bluu alikuwa amekwisha kula, na karatasi ameifutia kijiti cha kupimia oili. Wakamsihi, ikatolewa kwenye boneti. Lucky akaisoma polepole, sauti ikimshuka.

"'...akashindwa vibaya na Waingereza na Waprusi, akapelekwa kisiwa cha Mtakatifu Helena.'"

Jairo alipiga kelele hadi madereva wakafungua milango. Akacheza. Akarudi akitembea taratibu kama askofu, akisalimia lori moja moja na kumweleza kila dereva habari za Waterloo, Lucky akimfuata nyuma. Huko mbele honi zililia, lakini Tunduma honi hazikatiki.

Walipofika, mlinzi alikuwa anafunga mnyororo wa geti.

"Nimekupigia tatu, mzee," alisema. "Nikampigia na mwenzako tatu. Tukutane Alhamisi."

Akilini Jairo alimwona Angel na gauni jeupe, akigeuka kanisani kutazama kiti kitupu. Nyuma ya lori la saruji palikuwa wazi, maganda ya vitunguu yakipeperuka.

"Subiri!" alisema. "Nina shahidi. Dada wa karanga alikuwa anatuangalizia magari, angetuita. Mwite aseme!"

Mlinzi alimtazama kwa mshangao.

"Yule? Si ndiye aliyeniambia mmeghairi safari, nisiwasubiri? Ameshavuka, mzee. Amekaa mbele, pembeni ya mumewe, kwenye lori lao la vitunguu."