Pakiti Chini ya Spana

Daktari alibandika picha kwenye taa ya ukutani, akamwonyesha mke wangu kwa ncha ya kalamu. Mirija yote miwili ya uzazi ilikuwa imevimba, imejaa maji.

"Mume wangu ni fundi bomba," mke wangu akasema, akijilazimisha kucheka. "Si inazibuliwa tu?"

"Hii haizibuliki, dada. Tutaiondoa kwa upasuaji, maana maji hayo yanaharibu mimba, kisha tutakupandikizia mimba iliyotungwa maabara." Akafungua faili. "Mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa zinaa usiotibiwa. Umewahi kuugua?"

"Mimi? Sijawahi."

Nikainamia viatu vyangu. Miaka minne nyuma, zahanati ya mtaa wa mbali ilinipa pakiti mbili za vidonge. Juu ya moja muuguzi aliandika kwa wino mwekundu: MKE.

Yangu niliimaliza. Nilimdanganya mke wangu kuwa ni dawa ya mgongo, naye kila asubuhi akaniletea chai kitandani ili nisimeze tumbo likiwa tupu. Ya kwake niliificha kwenye sanduku la kazi, chini ya spana, nikingoja siku nzuri ya kumwambia. Ipo hapo hadi leo.

"Na wewe, shemeji?" daktari akanigeukia. "Msinifiche. Mficha uchi hazai."

Kabla sijafumbua mdomo, mke wangu akanishika mkono.

"Mwache, daktari. Yeye hana kosa, ubovu ni wangu." Akanitazama. "Nisamehe, mume wangu."

"Usijali," nikamwambia. "Nilishakusamehe."