Ubao Uliomeza Nondo

Tangu asubuhi Riziki alikuwa akitafuta namna ya kumwambia mumewe kwamba amepata kazi maktaba. Mbaruku hakumpa nafasi. Alikuwa akimtengenezea rafu ya vitabu. Alitoboa ukuta wa sebuleni, akapigilia nondo za chuma hadi zikagota, ncha zikabaki nje, kisha akamwita.

"Mke wangu, njoo unishikie huku."

Riziki akashika ubao mnene. Ulikuwa umetobolewa kwa nyuma; Mbaruku akausukuma, ukazimeza nondo zote, ukakaa kana kwamba umeota ukutani.

"Unaona chuma popote?"

"Sioni."

"Ndio ufundi huo." Mbaruku akamfuta vumbi shavuni kwa upole. "Sasa vitabu vyako vyote vitakuwa humu ndani. Utatoka tena kufuata nini?"

"Mume wangu, maktaba wameniita. Kazi inaanza Jumatatu..."

"Ngoja kwanza uone."

Akaukamata ubao kwa mikono miwili, akakunja miguu, akaning'inia kwa uzito wake wote. Riziki alijikuta akiomba moyoni ukatike. Haukulia hata kidogo. Mbaruku aliendelea kuning'inia, akimtazama kwa furaha, akimsubiri acheke.