Karata ya Kumi na Mbili

"Mama, kompyuta mpya ina mchezo huohuo," fundi alimwambia mjane, kidole kikiwa kwenye swichi ya ile kuukuu. "Nizime hii?"

Kwenye kioo, karata kumi na moja zilikuwa wazi, moja imefunikwa. Mjane na mume wake walikuwa wakibashiri kwa zamu karata iliyofunikwa, kwa dalili za zile zilizo wazi: mmoja akifunua karata, inayofuata ni ya mwenzake. Ya kumi na moja aliifunua yeye, asubuhi mzee alipopelekwa hospitali.

Dalili zote zilionyesha malkia wa kopa. Hata mtoto angejua.

"Imebaki moja tu," fundi alisema. "Si umalize kabisa?"

Mjane alifuta vumbi kwenye kitufe kilicholika kwa kidole cha marehemu.

"Iache ikiwaka, mwanangu. Zamu ni ya mzee."