Gari la Kusukuma

"Nakwambia yule shujaa wa kwenye katuni anaupita mwanga!" dereva Mbaruku alifoka, mguu juu ya bampa.

"Acha fiksi, kaka," muuguzi Tindo akacheka. "Hata chembe ndogo kuliko zote haiupiti mwanga."

"Yule anaupita! Humalizi kumwita, kashafika."

Chande alikuwa akiwasikiliza tangu mkewe alazwe ndani ya gari la wagonjwa, mtoto kamkalia vibaya tumboni.

"Na gari lenu hili je? Hospitali litafika lini?" akauliza.

Mbaruku akashusha mguu. Betri ilikuwa imekufa, walisubiri watu wa kusukuma.

Chande akavua kandambili, akaweka bega nyuma ya gari. "Haya, wataalamu wa mbio, sukumeni."

Mbaruku akarukia usukani. Gari likasogea kidogo, likakohoa, likazima. Kwenye kioo cha mlango wa nyuma, kiganja cha mke wa Chande kikateleza taratibu kuelekea chini.