Shati la Katikati ya Ukuta

Bibi alikuwa anamalizia kupiga pasi kola ya shati, mjukuu wake mchoraji akaingia mbio.

"Bibi wee, nipe shati la kaka! Wakubwa wameshafika ukumbini."

"Pumua kwanza, mama. Ndo unakwenda mbele za watu na rangi puani hivyo?"

Msichana akacheka, akajifuta kwa kiganja, rangi ikazidi kuenea. Yeye na wachoraji wenzake walikuwa wametundika ukutani nguo za watu waliochukuliwa na mafuriko, na tope lake vilevile, ili wanaotoa vibali vya kukata msitu wa mlimani wazione kwa macho yao. Nafasi ya katikati ilimngoja kaka yake, naye aliyekufa katika mafuriko hayo. Shati lake lilikuwa na alama ya vidole vitano vya tope kifuani, pale alipojishika mwenyewe. Asubuhi msichana alimwomba bibi alitoe sandukuni.

Bibi akalikung'uta, akalishika mabegani. Jeupe pe.

Msichana akaligeuza nyuma, akalirudisha mbele. Akapapasa kifuani, taratibu, kama anayetafuta kitufe gizani.

"Umelifua."

"Kwa maji matatu. Lile tope king'ang'anizi, lakini nami ni nani?"

Msichana akauzika uso wake ndani ya shati, akavuta pumzi ndefu. Harufu ya sabuni tupu. Bibi akamwekea mkono begani.

"Mwanangu, nilitaka apendeze," akasema. "Watu wote wale watakuwa wanamtazama."