Mpira wa Jumapili

Mwalimu Alvin alivua viatu mlangoni pa sabla, ukumbi wa wanaume wa mtaa, akakosa pa kuviweka. Ndara na makubazi ya watu yalikuwa yamejaa hadi kwenye ngazi. Alitabasamu peke yake. Kumbe Mzee Harub alikuwa amekubali yaishe.

Kwapani alibeba bakuli la halwa alilolinunua sokoni Hamriya, lile kubwa, la zafarani na lozi. Alikuwa amepitia kwanza nyumbani kwa mzee, hapo hapo mtaani Ghubra, na mlinzi wa getini akamwelekeza huku kwa kidole. Watu wengi namna hii waliokuja kumpongeza mzee hakuwatarajia, na jambo hilo lilimfurahisha zaidi.

Alikuwa na sababu. Ni yeye aliyemtia mpira mkononi Yaqdhan, mwana wa mzee huyo, kwenye timu ya raga ya shule. Kijana akapelekwa Marekani kusomea uhandisi wa mafuta, na huko akauacha uhandisi, akashika mpira wao ule wa kuvaa kofia ngumu na kugongana. Mzee Harub alinuna. Miaka miwili hakuzungumza na mwanawe, na mwalimu naye akawa anapita njia nyingine ili wasikutane. Jumapili hii timu ya Yaqdhan ingecheza London, na kijana alikuwa amepangwa kuanza kwa mara ya kwanza. Alvin alikuja na ombi moja tu: baba autazame mchezo huo, na kabla ya hapo ampigie mwanawe simu.

Sabla aliyowahi kuingia ilikuwa moja, ya ndoa ya mwenzake wa kazini. Basi alijiona mwenyeji: wanaume wamekaa ukutani kwa mstari, kahawa, tende, sauti za chini. Kwao Kakamega hata kikao cha chama kina kelele kuliko ndoa ile. Alipita akimpa kila mtu mkono, kama walivyofanya waliomtangulia, ambao walinong'ona Kiarabu asichokipata vizuri. Alipomfikia Mzee Harub, alisema lake.

"Hongera sana, mzee."

Harub hakuuachia mkono wake. Watu wawili watatu wenye kujua Kiswahili waliinamisha vichwa. Shihab, mdogo wake mzee, aliinuka haraka, akaipokea ile halwa akaitoa nje, kisha akarudi na kumshika mwalimu bega, akitaka kumnong'oneza jambo. Alvin alijua anafukuzwa. Hasira za mzee, alijiambia, bado ziko pale pale.

"Muache, Shihab," alisema Harub. "Kaa hapa, mwalimu. Nieleze huo mpira wa Jumapili. Nnataka kuujua."

Alvin akakaa, amefurahi. Alivuta sinia ya tende karibu, akazipanga mistari miwili inayotazamana. Huu ni ukuta wetu, akaeleza, na huu ni ukuta wao. Tende moja akaiweka nyuma: huyu ndiye Yaqdhan. Atapewa mpira, atafute upenyo, akimbie. Wale wapinzani ni wazito katikati, hawapitiki, kwa hiyo kocha wetu lazima atampitisha pembeni, na pembeni kijana hana mwenzake. Nyasi za London zina maji, akaongeza, na mwenye miguu myepesi hunufaika. Yeye alitabiri Yaqdhan atafika na mpira mwisho wa uwanja si chini ya mara mbili.

Mzee aliinama juu ya sinia akifuata kila kidole cha mwalimu. Wageni wapya waliingia, naye akawapa mkono bila kuwatazama, akarudi kwenye tende zake. Alvin hakuwahi kumwona baba mwenye kiu ya namna hiyo. Alimwonea huruma kwa miaka aliyoipoteza.

"Na akiangushwa?" Harub aliuliza.

"Wanajipanga tena, mzee. Wanaanzia pale pale alipoangukia."

"Asipoinuka je?"

Alvin alicheka kidogo, kwa upole, akasema Yaqdhan anamjua tangu ana miaka kumi na mitano, na hajawahi kumwona akikaa chini. Kisha akaona wakati wake ndio huu. Akamwomba mzee amtafute kijana kwa simu leo, asingoje Jumapili, kwa kuwa mchezaji anayejua baba yake anamtazama hukimbia kwa miguu mingine. Harub aliitazama simu yake iliyokuwa juu ya zulia, akaigeuza kifudifudi. Halafu akauliza Jumapili watavaa rangi gani.

Nyeupe, Alvin akamwambia, na mgongoni namba ishirini na nane. Mzee aliirudia namba ile taratibu, mara mbili.

Adhana ya magharibi ilipokaribia, Alvin aliomba ruhusa. Harub alisimama pamoja naye, jambo ambalo hakumfanyia mgeni mwingine yeyote, akamsindikiza hadi mlangoni huku Shihab akiwafuata kwa nyuma. Pale mlangoni mwalimu aliomba radhi kwamba amemchukulia mzee muda mwingi mbele ya wageni wake. Harub alitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na Alvin akaamini kwamba baba na mwana wamepatana.

"Wewe Mungu akujaze kheri, mwalimu," alisema mzee. "Toka alfajiri watu wananambia Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni wewe peke yako uliyenambia Jumapili atacheza."