Duara Chini ya Mti wa Mepo

Theluji ilipoyeyuka, maji yalibaki chini ya mepo, mti mkubwa wa kivuli uani kwa Verna, nayo yalibaki katika umbo la duara. Kwingine kote uani ardhi iliyanywa ikakauka. Pale yalilizunguka shina kwa mbali, kama ukingo wa sahani, na nyasi zake zilikuwa zimeoza.

Verna aliyatazama kupitia dirisha la jikoni, akipangusa kikombe kilichokwisha kukauka.

Curtis, mwanawe, alikuwa amepiga simu. Angekuja mwezi wa sita, shule zikifungwa, na binti yake mdogo, Josie. Tangu aondoke hakuwahi kurudi nyumbani, hata baba yake alipozikwa. Kwenye simu aliuliza jambo moja tu.

"Ule mti bado upo?"

"Upo, mwanangu. Uko palepale."

Na sasa ulikuwa unakufa. Matawi ya juu hayakuchipua. Verna alitaka Curtis aukute mzima, hakutaka kingine.

Rudy, fundi wa miti, alikuja na gari lake lililojaa matope. Alichomeka fimbo ya chuma karibu na shina, ikazama. Akachomeka kwenye duara, ikagoma. Akailalia kwa kifua chote. Haikuingia hata urefu wa kidole.

"Mama, mlikuwa mnaegesha treni hapa?"

Verna hakucheka.

"Udongo wa huku ni mfinyanzi," Rudy akasema. "Ukikanyagwa sana unakuwa sakafu. Maji hayapiti, hewa haipiti, mizizi inakosa pumzi. Na hausahau upesi." Akapapasa shina. Kovu jembamba lilikuwa limeuzunguka mti mzima. "Aa! Kamba. Mlikuwa na mbwa."

Verna alikitazama kidole cha Rudy juu ya gome.

"Mto uko pale tu, nyuma ya vichaka," akasema. "Wa kwanza alichukuliwa na mto. Huyu wa pili nikasema hapana."

Mto ule ukiutazama ni mpole. Mwenye kulea asiuamini.

"Pole, mama. Maana wapo watakaosema ulimtesa."

"Sikumtesa. Kivuli alikuwa nacho. Chakula nilimletea hapohapo. Nilikuwa namwona dirishani."

"Naye akawa anazunguka."

"Kutwa."

Arlene, jirani asiyepitwa na jambo, alikuwa ameegemea uzio wake. "Mbwa gani huyo, Verna? Miaka yote hii sijasikia hata kubweka!"

"Ni kabla hujahamia. Hakuwa wa kelele."

"Ukate huo mti, shoga, upate kuni. Umeshakauka."

"Na wewe umekauka, mbona hatujakukata?" Rudy akamrushia. Arlene akacheka mpaka akakohoa.

Rudy alipokuwa anakusanya vifaa vyake akauliza, "Aliishia wapi?"

"Alipokua nilimfungua. Akaondoka."

"Ndivyo walivyo. Ukimfungua tu, humwoni tena."

Hakuanza kazi siku ile. Alisema udongo ukiwa chepechepe mashine huushindilia zaidi. Mwenye haraka huua mti akidhani anauponya. Basi Verna akangoja. Kungoja dirishani alikuzoea.

Upepo ulipoikausha ardhi, Rudy alirudi. Kwa bomba la hewa alipasua mitaro myembamba kutoka upande wa shina kwenda nje, hewa ikipeperusha udongo bila kukata mizizi. Mitaro akaijaza mboji. Kisha akapitisha mashine ya kutoboa juu ya lile duara, ikawa inatema vipande vya udongo kama vidole. Akachimba njia ya maji kuelekea mteremkoni, akasawazisha, akapanda nyasi mpya.

"Usikanyage, mama. Iache ardhi ijifunze kunywa tena. Polepole."

Mvua kubwa ikanyesha. Verna alisimama dirishani akaona maji yanafika chini ya mti, yanazama, yanakwisha. Siku zikapita, tawi moja la juu likatoa majani madogo. Alijaribu kufurahi. Akaenda kuosha vyombo.

Kufika mwezi wa sita nyasi zilikuwa zimeifunika ardhi yote. Asiyejua asingeona kitu. Verna mwenyewe alilitafuta lile duara kwa macho, akalikosa.

Curtis alifika Jumamosi mchana. Upara ulikuwa umeanza. Alimkumbatia mama yake kwa mkono mmoja. Mezani kulikuwa na kuku na tambi juu ya viazi vya kuponda, chakula alichokipenda utotoni, lakini alikula vijiko viwili akatoka nje. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mti, akaupa mgongo, akasimama hapo. Josie alikuwa anapiga mpira miguuni pake.

Verna alikaa kwenye ngazi za mlango.

"Mti umependeza, sivyo?" akaita. "Walisema hauponi."

"Umependeza, mama."

"Na chini pamekuwa laini. Jaribu kukanyaga uone."

Curtis alitazama chini.

Josie akaupiga mpira kwa nguvu. Ukabiringika juu ya nyasi, ukatoka uani, ukashika mteremko wa kuelekea vichakani. Mtoto akaufuata mbio, nywele zikiruka.

"Josie!" Curtis aliita. "Josie, rudi! Mto!"

Mtoto hakusikia. Curtis akachomoka kumfuata kwa kasi yake yote.

Katikati ya nyasi laini, mahali pasipokuwa na alama yoyote ya lile duara, alisimama ghafla. Mkono wake ukaenda nyuma, kiunoni, kulitafuta fundo la kamba.